Mbili kwa Kumi Mlangoni

Ni mimi niliyeandika ile mbili. Naanza na sentensi hii kabla sijapata nafasi ya kuipamba, maana kwa zaidi ya miaka thelathini nimeikana: mbele ya baba yangu, mbele ya shangazi yangu Robhi, mbele ya kijiji kizima, na mara moja mbele ya padri ambaye hata hakuwa ameniuliza. Niliiandika kwa chaki nyeupe kwenye mlango wa duka la kanda la Mzee Wambura, kwa mwandiko niliouonea fahari: "Robhi na ritungu. 2/10. Aongeze sauti." Nilikuwa na miaka kumi. Baadaye nilisoma chuo kikuu, nikakutana na wahakiki wa kila aina, wenye miwani na wenye nadharia, lakini sijakutana bado na mmoja ambaye neno lake lilifuatwa kama langu lilivyofuatwa na wachimbaji wa dhahabu wa kijiji chetu.

Nisingekiri hata leo kama si hasira. Mtoto wa kaka yangu, Mwita, kijana wa mjini anayeamini kwamba mtu wa umri wangu asipopewa kitu kipya kila wiki ataganda, hunitumia albamu mpya kwenye simu. Roki ya huku, muziki wa asili wa kule, na ule mchanganyiko wa vyote viwili ambao vijana wa siku hizi wanaupenda. Mwezi uliopita alinitumia moja na ujumbe mfupi: "Sikia wimbo wa nne. Ni wa kwetu huko." Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Gitaa la umeme likaanza, likanguruma kidogo, halafu chini yake zikaingia nyuzi za ritungu, kavu, kama mtu anayegonga mlango kwa kucha. Kisha msichana mwenye sauti nzuri ya kufundishwa akaimba, kwa Kikurya cha kukariri: Jiwe, nilikupa mtu mzima, umenirudishia kofia.

Niliacha mwiko kwenye sufuria nikaenda kutafuta maelezo ya albamu ile. Nilimkuta mhakiki mmoja aliyeipa nyota nne na nusu, na kuhusu wimbo wa nne alisema una "huzuni ya kale isiyo na mwenyewe". Wanamuziki nao walikuwa wameandika maelezo yao: Wimbo wa jadi kutoka Mara. Mtunzi hajulikani.

Hajulikani. Mtunzi ana jina, ana simu ya vitufe, ana kisukari, ana mbuzi saba na ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani yake kule Nyansurura. Huzuni ile ina mwenyewe, na mwenyewe ni shangazi yangu. Ugali uliungua. Nikakaa mezani kuandika barua ya malalamiko, na kila nilipofika mahali pa kueleza wimbo ule ulikotoka, ilinibidi nipite kwenye mlango wa Mzee Wambura, na pale mlangoni nilijikuta nimesimama mimi, na chaki.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa kutembea kutoka Nyangoto, na miaka ile dhahabu ilikuwa imewatia watu homa. Shamba la mihogo bila shimo katikati lilionekana kama uzembe wa mwenye shamba. Shimo la kuchimbia liliitwa duara, na kilichotoka ndani yake kiliitwa mawe hata kama kilikuwa udongo mtupu. Asubuhi hatukuamshwa na jogoo. Tuliamshwa na wanawake wakiponda mawe kwenye vinu vya chuma, mlio mmoja mzito unaorudiwa na kurudiwa, kiasi kwamba ukienda kuwasalimia ndugu kwenye kijiji kisicho na dhahabu ulihisi masikio yamezibwa pamba. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ambayo nusu ya wanafunzi wake walikuwa wameingia mashimoni. Aliendelea kuita majina yao kila asubuhi kwenye daftari la mahudhurio, na darasa liliendelea kujibu: "Yuko chini, mwalimu."

Katikati ya homa hiyo Mzee Wambura alifungua duka la kanda. Lilikuwa la mabati, pana kidogo kuliko kitanda. Yeye mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa hata jua likiwaka, na kila baada ya muda alivuka mpaka pale Sirari kwenda Migori, Kenya, kwa wajomba zake na kurudi na mfuko wa kanda. Hakuchagua, alichukua alichopewa. Ndiyo maana kijiji cha wachimbaji wa Kikurya na Kijaluo na Kisukuma kilijikuta kinasikiliza vijana wa Ulaya wenye nywele za mabegani. Alikuwa na redio kaseti yenye deki mbili, na betri zake alizianika juu ya paa kama dagaa ili zipate nguvu tena. Zilipochoka, kila mwimbaji alianza kuimba kwa sauti nzito na ya polepole. Kuna albamu moja niliyoipa tatu nikaandika "mwimbaji amelewa", na nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini nilipoisikia mahali penye umeme, nikagundua kwamba nilikuwa nimemsingizia mtu.

Niliingia dukani humo kwa sababu ya macho ya mwenye duka. Maandishi madogo ya kwenye majalada yalimshinda, na mimi nilikuwa mtoto wa mwalimu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Njoo unisomee hapa, Mwalimu Mdogo. Hawa wenye nywele wanaitwaje?"

Nilimsomea. Nilimsomea pia maneno yaliyoandikwa kwa kalamu nene kwenye masanduku mawili ya karatasi ngumu yaliyokuja na kanda: ROCK kwenye moja, FOLK kwenye lingine. Mzee Wambura akaniuliza maana yake. Kwa kuwa sikuwahi kusema "sijui" mbele ya mtu mzima, nilikimbia nyumbani nikafungua kamusi ya baba. Rock: mwamba, jiwe. Folk: watu. Nikafunga kamusi nimeridhika kabisa, nikarudi nikamwambia mzee kwamba sanduku hili ni la muziki wa Mawe na lile ni la muziki wa Watu. Akakubali. Kwa nini asikubali? Tulikuwa tumeishi kwenye mawe miaka yote, kwa hiyo Wazungu kuwa na muziki wa mawe halikuwa jambo la kushangaza, ni kwamba tu walikuwa wametutangulia.

Mtoto aliyekulia mbali na mashimo asingeweza kufanya kosa hilo. Kwangu ushahidi ulikuwa mwingi mno. Ngoma za muziki wa Mawe zilidunda kama vinu vya mama zetu. Gitaa lilikereza kama chuma kinachotafuta njia kwenye mwamba. Na waimbaji walipiga mayowe kwa sababu, bila shaka, duara lilikuwa limewafunika. Niliwaonea huruma sana. Nilikuwa na daftari, nyuma yake jedwali la kuzidisha, ndani yake nimechora mstari katikati: Mawe upande huu, Watu upande ule, na kila albamu niliipa maksi na maoni kwa kalamu nyekundu ya baba, kama alivyofanya yeye kwenye ripoti za mwisho wa muhula. "Vijana wanne wenye nywele. Wanajitahidi kutoka. 9/10. Waokolewe." "Mzee na mbwa. Anaimba kama anayesubiri chakula. 6/10. Ana heshima." "Mama peke yake na gitaa. Yuko kwenye Watu lakini hana mtu. 5/10. Atafute wenzake."

Mzee Wambura alicheka hadi koti likafunguka, akanipa chaki niwe naziandika mlangoni wateja wazione. Hilo lingeishia hapo kama kijana mmoja mchimbaji, Nyamhanga, asingenunua ile albamu niliyoipa tisa, akaipeleka na redio yake mdomoni mwa duara, na wiki ile ile akaukuta mshipa wa dhahabu mwambani. Wachimbaji hawaamini bahati inakuja bure. Walikaa, wakatafuta kilichobadilika, wakakuta ni kanda, na kwenye kanda wakakuta maksi. Kuanzia siku hiyo nilikuwa si mhakiki tena, nilikuwa mganga.

"Mwalimu Mdogo, hii ina ngapi?"

"Saba."

"Saba inafika kwenye udongo tu, mura. Nipe tisa."

"Mimi si mura, mimi ni msichana."

"Dhahabu haiulizi. Nipe tisa."

Watu wazima, wenye ndevu na wake wawili, walisimama mlangoni kuangalia chaki ya mtoto aliyekuwa bado anachanganya "b" na "d". Nikilifikiria hili leo nakasirika upya. Wangeweza kunifukuza nikacheze kamba. Badala yake walininunulia mandazi ili niongeze alama.

Mume wa shangazi Robhi aliitwa Chacha. Alikuwa mpiga ritungu, kile chombo cha nyuzi nane ambacho kwetu kimekuwa cha wanaume, kikishikwa kifuani na kuimbwa nacho mambo ya ng'ombe, vita na wanawake wasiosikia. Chacha alikuwa mpigaji mzuri na mchimbaji wa kawaida. Duara lake liliporomoka asubuhi yenye jua, hakukuwa na mvua wala onyo, na walimtoa siku ya tatu. Kabla ya hapo, kilichotoka cha kwanza kilikuwa kofia yake. Mtu aliyeiokota alimletea shangazi akiwa ameishika kwa mikono miwili, kama sahani.

Miezi kadhaa baadaye, shangazi alilitoa ritungu la Chacha kwenye boriti ya paa lilikokuwa limening'inizwa, akakaa nalo nyuma ya nyumba. Lilikuwa jambo la mchana kweupe, hakujificha. Alikuwa amemsikiliza mume wake miaka kumi na mitano. Vidole vilijua njia. Mzee Wambura alikwenda kumpa pole kwa kuchelewa, akasikia kutoka mbele ya nyumba, akasimama hadi wimbo ukaisha. Mimi nilikuwa nimefuatana naye nimembebea mfuko.

"Shemeji," alimwambia, "naomba nirudi kesho na redio."

"Ya nini?"

"Huo wimbo usibaki na kuku peke yao."

Shangazi alifikiri. "Wazee watasemaje?"

"Watasema. Ndiyo kazi yao."

Siku iliyofuata alirekodi nyimbo nne. Kuku mmoja alipita akilia mwisho wa wimbo wa pili, ule wa jiwe, na shangazi hakusimama. Alimsubiri apite, akamalizia. Mzee Wambura alisema kuku aachwe humo humo, kwa kuwa naye ni wa pale nyumbani. Shangazi alitaka kitu kimoja tu: jina la Chacha litajwe kwenye kila wimbo, na watu walisikie. Alikuwa mtu wa maneno machache, hivyo alipolisema mara mbili nilijua lina uzito. Alitaka watu walioteremka kwenye mashimo kila siku wamsikie mwenzao akiitwa.

Kanda ilipofika dukani tulibishana na Mzee Wambura iwekwe sanduku gani.

"Hii ni ya Watu," alisema. "Wewe mwenyewe ulinifundisha."

"Lakini anaimba jiwe."

"Anamwimbia mtu."

"Anamwambia jiwe. Anasema 'wewe jiwe'."

Akakuna kichwa. "Basi isikilize kwanza," akasema, akatoka kugeuza betri zake kwenye jua.

Niliisikiliza mara moja. Nataka kueleza kilichokuwa kichwani mwangu, si kwa kujitetea. Nilimpenda shangazi Robhi. Alinisuka nywele kila Jumapili na hakuvuta kama mama. Lakini baba yangu alikuwa akinipa mimi maksi za chini kuliko watoto wengine ili watu wasiseme anapendelea, na mimi niliona hiyo ndiyo haki: ukimpenda mtu, mkazie. Niliiweka kanda kwenye Mawe, nikaipima kwa kipimo cha Mawe. Wale vijana wanne, ambao nilidhani wamefunikwa na mwamba, walilia hadi redio ikatetemeka. Shangazi, ambaye mtu wake alikuwa amefunikwa kweli, alikuwa anaimba kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Hakupiga yowe hata moja. Nikahitimisha, kwa uhakika nilioukosa katika kila jambo tangu hapo, kwamba huyu hajui mawe. Nikaokota chaki.

Saa sita mchana wachimbaji walipita kwenda kula. Walisimama mlangoni kama kawaida.

"Mbili?" mmoja akasema. "Haijawahi kutoka mbili."

"Ya nani hiyo?"

"Ya mke wa Chacha."

"Ah. Hiyo si kanda, hiyo ni kaburi. Usiiguse."

Hakuna aliyesikiliza hata wimbo mmoja. Kufikia jioni habari ilikuwa imezunguka: kanda ya mjane ina mkosi, imepimwa. Wazee, ambao tangu mwanzo walikuwa wameguna kuhusu mwanamke kushika ritungu, walipata walichokuwa wanakitafuta. Walisema wao hawakusema kitu, mtoto asiye na dhambi ndiye aliyesema. Sijawahi kusahau hilo neno, "asiye na dhambi". Asubuhi iliyofuata wanawake walihamisha vinu vyao mbali na kinu cha shangazi. Hawakumtukana. Walisogea tu, kila mmoja hatua chache, hadi ukabaki uwanja mtupu kumzunguka, na yeye katikati akiponda peke yake.

Alikuja dukani na kanga ya kazi, vumbi la mawe likiwa limempaka nyusi nyeupe. Nilikuwa ndani nasoma majalada. Alisimama nje akaangalia mlango kwa muda mrefu. Alikuwa hajui kusoma sana, lakini namba alizijua na jina lake alilijua.

"Nani ameandika hii?"

Aliniuliza mimi, kwa upole, kama anayeuliza maji yako wapi.

"Sijui, shangazi," nikasema. "Mimi sikuandika."

Chaki ilikuwa mkononi. Niliificha kwenye kiganja, na kiganja nikakificha nyuma. Mzee Wambura alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Aliniangalia mimi, akaangalia mkono wangu, halafu akasimama.

"Duka ni langu, shemeji," alisema. "Mlango ni wangu. Kilichoandikwa hapo ni changu."

Shangazi alisubiri aendelee. Hakuendelea. Shangazi alinyoosha mkono, Mzee Wambura akampa kanda yake, na shangazi akaondoka nayo. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikasirika. Nilikuwa nimeikana ile mbili, lakini sikutarajia mtu mwingine aichukue. Nilidhani mzee ameniibia maksi. Nilitembea hadi nyumbani nikinung'unika kwamba watu wazima wakiona kazi nzuri ya mtoto wanajiandikia wao.

Kijiji kilijua maksi huwa ni zangu, lakini kikasema mtu mzima hajisingizii, basi safari hii mzee aliishika chaki mwenyewe. Baba aliniuliza, nikakana. Aliuliza tena baada ya mwaka, nikakana kwa ufasaha zaidi. Kijiji kilipohitaji sababu ya Mzee Wambura kufanya unyama ule, kilijitengenezea: eti alikuwa amemtaka mjane, akakataliwa, akalipiza kwa chaki. Nilijua si kweli. Nilikuwepo kila siku, sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina lingine zaidi ya shemeji. Nilinyamaza, na kwa wiki mbili zaidi niliendelea kutoa maksi kwenye mlango ule ule. Halafu wateja wakapungua, maana duka lenye mgogoro na mjane nalo lina mkosi wake, na mzee akafunga, akahamia Nkende na kuuza ndoo na sabuni. Shangazi alihamia Nyansurura, kwa binti yake mkubwa aliyeolewa huko. Ritungu alikwenda nalo limefungwa kwenye shuka. Hatukumsikia tena akiimba, hata kanisani.

Hizi ndizo habari nilizokuwa nikizizunguka mezani kwangu mwezi uliopita. Barua ilifika kurasa tatu, na naomba mniamini, ilikuwa nzuri. Niliwauliza vijana wale kwa haki gani wanamfuta mwanamke aliye hai. Niliwauliza kama wanajua Chacha ni nani, huyo wanayemwita kwenye kiitikio kwa kukosea matamshi. Nilimshukia na mhakiki wa nyota nne na nusu, hasa mahali alipousifu mlio wa kuku mwishoni mwa wimbo kama "ubunifu wa studio". Kuku yule ninamjua. Kuku yule alikuwa ushahidi wangu kwamba kanda yenyewe ndiyo iliyotumika. Na kwa kuwa kanda shangazi alikuwa ameichukua, na Mzee Wambura alikuwa na deki mbili, niliandika aya nzima kuhusu nakala iliyofanywa kwa siri na mfanyabiashara mmoja wa kanda, ambaye sasa ni marehemu, na ambaye hii haikuwa mara yake ya kwanza kumdhulumu mtunzi. Niliiandika sentensi hiyo bila kusita. Nilikuwa nimeikariri kwa miaka mingi kiasi kwamba ilitoka kama kweli.

Kabla ya kuituma ilinibidi nipate idhini yake. Nilipiga simu mchana, muda ambao huwa amekaa.

"Ghati. Umekula?"

"Nimekula, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Sema haraka, mbuzi wangu wameingia kwa yule mtu."

Nilimweleza kuhusu albamu. Hakushangaa, nami nikadhani hajaelewa, nikaanza kumsomea barua. Alisikiliza kurasa mbili.

"Rudia hapo," akasema.

"Hapo wapi?"

"Hapo pa Wambura."

Nikarudia aya ya nakala ya siri.

"Hakuna aliyenakili," alisema. "Kanda niliwapa mimi. Walikuja wakati wa mavuno, vijana wawili na yule binti anayeimba. Walilala hapa siku mbili. Binti hajui kukamua, lakini ana adabu."

"Sasa mbona hawakuandika jina lako?"

"Waliniuliza. Niliwaambia waandike hawajui."

"Kwa nini, shangazi?"

"Safari ile jina liliandikwa. Watu wakasoma jina, wakasoma na namba, wakaenda zao. Hakuna aliyesikiliza. Safari hii nilitaka wasikilize. Wamesikiliza?"

"Wamesikiliza. Wameupa nyota."

"Nyota ni zao. Chacha wamemtaja?"

"Wamemtaja. Vibaya kidogo."

"Hata mama yake alikuwa na kithembe. Basi. Hiyo barua iwashie moto."

Hapo ningeweza kumuaga. Yeye alikuwa na mbuzi wa kufukuza, na mimi nilikuwa nimebaki na kurasa tatu za hasira ambazo hazikuwa na pa kwenda. Nadhani ni kwa sababu hiyo, hasira ilipokosa mtu, ikanirudia mimi mwenyewe.

"Shangazi, ile namba niliandika mimi."

Nilisikia upepo upande wa pili, na mtu mbali akiita mbwa.

"Wewe."

"Mimi."

"Wambura alisema ni yeye."

"Alisema duka ni lake."

Nikaangalia simu kama imekatika.

"Alikuja hapa, unajua," akasema mwishowe. "Mara mbili. Mara ya pili alikuwa ameshaanza kuumwa, amekuja na fimbo. Nilimwacha amesimama uani mpaka akachoka akaondoka. Hata maji sikumpa. Alipokufa sikwenda kuzika. Watu wa Nkende walinisema, na mimi nikawaambia wanajua nini."

"Shangazi, nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa mtoto siku ile. Alipokuja hapa na fimbo ulikuwa na digrii mbili."

Nilizigeuza kurasa za barua mezani, maandishi yakaangalia chini.

"Mke wake yupo," akasema. "Yuko Nkende, nyuma ya mashine ya kusaga. Utakwenda kumwambia. Usimpigie simu kama ulivyonipigia mimi. Nenda, ukae, umwambie, na watoto wake wawepo."

"Nitakwenda. Halafu nije huko kwako?"

"Kwanza yeye," alisema. "Mimi nitakuita." Kisha akakata.